KICHWA KUUMA NA MACHO KUINGIA GIZA: TUKIELEWE KIPANDAUSO

Katika vikao vya kamati za afya za parokia na sharika zetu, kutoka Kyela na Rungwe hadi Mufindi na Kilolo, suala la macho hutajwa mara nyingi kwa majina mawili: mtoto wa jicho na presha ya macho. Ni haki yake, maana magonjwa hayo yanapofusha watu wengi. Lakini liko tatizo jingine ambalo hufika kwa mwanakamati, kwa katekista au kwa mzee wa kanisa bila jina. Mtu anasema, "Kichwa kinanigonga upande mmoja, na kabla yake macho yaliingia giza." Hakuanguka, hakupigwa, na jicho si jekundu. Baada ya nusu saa anaona tena kama kawaida, ila kichwa ndipo kinapoanza kumtesa mpaka kesho yake.

Majirani hutoa tafsiri zao. Wapo wanaosema ni malaria, wapo wanaosema ni presha, na wapo wanaosema amerogwa au ana pepo. Wengine huchanjwa kwa wembe kwenye paji la uso, na wengine huwekewa maji ya majani machoni. Mara nyingi mtu huyo ana kipandauso, ugonjwa unaojulikana vizuri na wenye dawa.

Tumeamua kuandika juu ya ugonjwa huu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wanataabika bure na kupoteza siku za kazi na za masomo. Pili, na hili ni zito zaidi, dalili zinazofanana na hizo zinaweza kutokana na ugonjwa unaopofusha au kuua kabisa. Mwanakamati akijua tofauti kati ya hayo mawili, anaweza kuokoa jicho, na wakati mwingine anaweza kuokoa maisha.

KIPANDAUSO NI NINI?

Kipandauso si kila maumivu ya kichwa. Ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu unaokuja kwa mashambulio na kuondoka. Shambulio moja lisipotibiwa huchukua kati ya saa 4 na saa 72. Mara nyingi maumivu yako upande mmoja, yanagonga kama mapigo ya moyo, na yanazidi mtu akitembea au akiinama. Mgonjwa husikia kichefuchefu au hutapika, na hawezi kuvumilia mwanga wala kelele. Ndiyo maana hutafuta chumba chenye giza akalala. Aidha, ugonjwa huu huonekana sana katika ukoo: mama akiwa nao, mmoja au wawili wa watoto wake wanaweza kuwa nao.

Wapo wanaodhani kwamba huu ni ugonjwa wa watu wa mjini wanaofanya kazi za ofisini. Sivyo. Kati ya Desemba 2003 na Juni 2004 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya kaskazini mwa Tanzania, eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara. Waliwahoji watu 7,412. Asilimia 4.3 kati yao walikuwa wamepata kipandauso katika mwaka mmoja uliotangulia, na wanawake walikuwa karibu mara tatu ya wanaume. Matokeo ya uchunguzi mwingine wa aina hiyo, uliofanyika katika vijiji vya kusini mwa nchi yetu, yalichapishwa mwaka 2004.

Tuipeleke hesabu hiyo kwetu. Parokia yenye watu 1,000, kama inafanana na vijiji vile, itakuwa na watu kama 40 wenye kipandauso, na karibu 30 kati yao ni wanawake. Hao ni wachuma chai, wakulima wa viazi, walimu, wanafunzi na mama lishe. Kwa hesabu za dunia za mwaka 2019, kipandauso kilikuwa cha pili kati ya magonjwa yanayowafanya watu waishi na ulemavu, na kwa wanawake vijana kilikuwa cha kwanza. Hakionekani katika takwimu za vifo, na kwa sababu hiyo hakipewi uzito kinaostahili.

VIMULIMULI VINATOKA WAPI?

Kati ya watu wote wenye kipandauso, robo hivi hadi theluthi moja huona mambo ya ajabu kabla ya kichwa kuuma. Huanza na doa dogo karibu na katikati ya kile wanachokitazama. Doa hilo hukua polepole, na pembeni yake kunatokea mistari inayometameta, iliyovunjikavunjika kama meno ya msumeno. Ndani ya mistari hiyo hakuna kinachoonekana. Mtu akisoma Biblia anaona mwanzo wa mstari lakini mwisho wake umefutika. Akimtazama mwenzake, nusu ya uso haipo. Hali hii huchukua dakika 5 hadi 60, kisha huisha yenyewe. Watu wetu huiita kuona vimulimuli, chengachenga au maluweluwe.

Jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingi jicho lenyewe halina kosa lolote. Tatizo liko nyuma ya kichwa, kwenye sehemu ya ubongo inayopokea habari kutoka machoni. Mwaka 1941 mwanasayansi wa Marekani, Karl Lashley, ambaye mwenyewe alikuwa akiona vimulimuli hivyo, alichora jinsi doa lake lilivyokua dakika kwa dakika. Alikadiria kuwa kitu fulani kilikuwa kinatembea juu ya ubongo wake kwa mwendo wa kama milimita 3 kwa dakika. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1944, Aristides Leão kutoka Brazili alieleza kitu alichokiona katika ubongo wa sungura: wimbi la msisimko linalosambaa polepole, na nyuma yake seli za ubongo zinanyamaza kwa muda. Mwendo wa wimbi hilo ulilingana na ule wa Lashley.

Wimbi hilo linagusa pia damu. Linapopita, damu huongezeka kwa muda mfupi katika eneo hilo la ubongo, kisha hupungua kwa muda mrefu zaidi. Jes Olesen na wenzake wa Copenhagen, Denmark, walipima upungufu huo kwa wagonjwa na kuchapisha matokeo mwaka 1981. Mwaka 2001 wimbi lilionekana kwa mashine ya kupiga picha za ubongo wakati mgonjwa anaona vimulimuli.

Zamani madaktari walifundishwa kwamba kipandauso ni mishipa ya damu tu: inabana, mtu anaona giza, inatanuka, kichwa kinauma. Siku hizi inajulikana kuwa mambo huanzia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, na mishipa ya damu hufuata. Mshipa mkubwa wa fahamu wa uso, ambao tawi lake moja huhudumia jicho na paji la uso, hutoa kemikali zinazotanua mishipa ya damu na kuongeza maumivu. Hivyo basi mtu husikia maumivu nyuma ya jicho hata kama jicho ni zima. Kwa kazi ya kugundua mambo hayo, Olesen pamoja na Lars Edvinsson, Peter Goadsby na Michael Moskowitz walipewa tuzo ya kimataifa ya utafiti wa ubongo mwaka 2021.

JICHO LENYEWE LINAPOPUNGUKIWA NA DAMU

Hata hivyo, kuna wagonjwa wachache ambao tatizo liko kwenye jicho. Ili kuwaelewa, tuangalie jinsi jicho linavyopata damu.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ambao unapokea mwanga kama filamu ndani ya kamera. Utando huu ni mdogo lakini unakula hewa ya oksijeni kwa wingi kuliko sehemu nyingi za mwili. Unalishwa na njia mbili. Tabaka za ndani hulishwa na mshipa mmoja mwembamba sana unaoingia pamoja na mshipa mkuu wa fahamu wa jicho. Tabaka za nje hulishwa na tando la mishipa mingi lililoko nyuma yake. Mshipa ule mwembamba ni kama bomba moja la maji linalohudumia kijiji kizima: likiziba, hakuna bomba la pili la kuleta maji upande ule.

Katika kipandauso cha retina, inaaminika kuwa mishipa hiyo midogo husinyaa kwa muda. Jicho moja hupoteza kuona, lote au sehemu yake. Mtu huona giza, ukungu au nyotanyota, kisha kichwa huuma. Kwa kawaida kuona hurudi ndani ya saa moja. Madaktari waliobahatika kuchungulia jicho wakati wa shambulio la namna hii wamewahi kuona mishipa ya retina imekuwa myembamba, na baadaye ikarudi katika hali yake.

Aina hii ni adimu. Tunaieleza kwa sababu, tofauti na ile ya vimulimuli vya ubongo, mara chache inaweza kuacha madhara ya kudumu. Retina ikikosa damu kabisa, seli zake huanza kufa ndani ya saa chache, na seli hizo hazioti tena. Kwa hiyo jicho moja kuingia giza ghafla ni jambo la hospitali, hata kama limerudi kuona.

Utafiti unaendelea. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha UCLA, Los Angeles, walitoa matokeo ya kupima damu inavyopita kwenye retina kwa mashine ya mwanga isiyogusa jicho. Waliona kuwa wakati wa shambulio la kipandauso damu ilipungua katika retina, kwa wenye vimulimuli na kwa wasio navyo. Hii haina maana kwamba kila mwenye kipandauso atapofuka. Walio wengi sana huishi na macho yao mazima hadi uzee. Maana yake ni kwamba ubongo, jicho na damu vinahusiana katika ugonjwa huu, na mgonjwa anayelalamika macho asipuuzwe.

JICHO MOJA AU YOTE MAWILI?

Swali hili ndilo ufunguo, na halihitaji mashine. Mtu anayeona giza au vimulimuli afanye hivi wakati hali hiyo inaendelea:

1. Afunike jicho la kulia kwa kiganja, atazame kitu kilicho mbele yake, kwa mfano dirisha au kalenda ukutani.
2. Kisha afunike la kushoto, atazame kitu kile kile.
3. Akimaliza, achore kwenye karatasi alichokiona kwa kila jicho, na aandike saa kilipoanza na saa kilipoisha.

Akiona vimulimuli au sehemu iliyofutika kwa kila jicho, chanzo kiko kwenye ubongo. Akiona vibaya kwa jicho moja tu, chanzo kiko kwenye jicho hilo au kwenye mshipa unaolipelekea damu. Wengi husema "ni jicho la kulia" kumbe ni upande wa kulia wa macho yote mawili, na hawawezi kujua mpaka wafunike moja moja. Karatasi hiyo iende na mgonjwa kwa daktari. Itamsaidia kuliko maneno mengi.

SI KILA KICHWA NI KIPANDAUSO

Hapa tunaomba kila kamati isome kwa makini. Mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja iwapo:

• Jicho moja limeingia giza ghafla, au pazia jeusi limeshuka juu ya jicho. Inaweza kuwa damu imeganda na kuziba mshipa, au retina imebanduka. Kwa mtu mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, giza la dakika chache linaweza kuwa onyo la kiharusi kinachokuja.

• Jicho ni jekundu, linauma sana, na mtu anaona duara za rangi kuzunguka taa. Hiyo inaweza kuwa presha ya macho ya ghafla.

• Mama ni mjamzito wa zaidi ya miezi mitano, au amejifungua karibuni, kichwa kinauma na anaona vimulimuli. Msimwambie ni kipandauso. Inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo.

• Kichwa kimeuma ghafla kwa nguvu ambayo mtu hajawahi kuisikia maishani, au kinaambatana na homa na shingo kukaza, kupooza upande, mdomo kwenda kombo, degedege au kuchanganyikiwa.

• Maumivu yameanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, au yanazidi wiki hadi wiki.

• Mgonjwa anaishi na virusi vya Ukimwi.

Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kuwa mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya virusi vya Ukimwi Tanzania ilikuwa Njombe kwa asilimia 11.4, Iringa asilimia 11.3 na Mbeya asilimia 9.3, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 5. Mtu ambaye kinga yake imeshuka anaweza kupata fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo. Ugonjwa huo huanza taratibu: kichwa kinauma kwa siku nyingi, kinazidi, mtu anatapika, kisha macho yanaona ukungu au anaona vitu viwiliviwili. Shinikizo ndani ya fuvu hupanda na kuumiza mishipa ya fahamu ya macho. Asipotibiwa atapofuka, na hatimaye atakufa. Kipimo cha damu cha kugundua fangasi hao kipo, na dawa zipo. Kumpa mtu huyo vidonge vya maumivu kwa wiki tatu, au kumfanyia maombi tu bila kumpeleka hospitali, ni kumwacha apotee. Sala na hospitali havigombani.

Kuhusu malaria, tukumbuke kuwa nyanda zenye baridi za Iringa na Njombe ni miongoni mwa maeneo yenye malaria kidogo nchini. Kichwa kikiuma, mtu apimwe kwanza kwa kipimo cha haraka. Kikionyesha hakuna malaria, asimeze dawa ya mseto "kwa tahadhari tu". Mtu mwenye kipandauso anaweza kumeza dozi tano za mseto kwa mwaka bila kutibiwa ugonjwa wake hata mara moja.

AKINA MAMA NA VIDONGE VYA MAJIRA

Kipandauso chenye vimulimuli huongeza hatari ya kiharusi karibu mara mbili. Kwa mama kijana hatari hiyo bado ni ndogo, wala hana sababu ya kuishi kwa hofu. Lakini hupanda sana akitumia vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni, na zaidi kama anavuta sigara. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mwanamke mwenye kipandauso cha vimulimuli asitumie kabisa vidonge vya aina hiyo.

Hii haimaanishi aache kupanga uzazi. Kitanzi hakina tatizo hilo. Vipandikizi, sindano na vidonge visivyo na estrojeni, kama vile wanavyopewa akina mama wanaonyonyesha, kwa kawaida vinaruhusiwa. Na kwa wanaofuata njia ya asili, ambayo baadhi ya parokia zetu huifundisha, hakuna homoni inayoingia. La muhimu ni mama amwambie muuguzi: "Mimi huona vimulimuli kabla ya kichwa kuuma." Mara nyingi swali hilo haliulizwi, na mama hajui kuwa lina maana.

DAWA ZIPO, ILA ZITUMIKE VIZURI

Dawa za kwanza ni zile zinazopatikana karibu kila duka la dawa muhimu: aspirini, ibuprofeni au parasetamoli. Siri yake ni kuzitumia mapema, mara maumivu yanapoanza, na kwa kipimo kamili alichoelekeza mhudumu wa afya. Anayengoja mpaka atapike ataona dawa haifanyi kazi. Aspirini asipewe mtoto, na mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo aulize kwanza. Dawa ya kuzuia kutapika husaidia pia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumatriptani, dawa maalumu ya kipandauso, katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa anayeshambuliwa mara kwa mara, ziko dawa za kunywa kila siku ili kuzuia, kama propranololi na amitriptilini. Zote ni dawa za zamani na bei yake si kubwa. Propranololi haimfai mwenye pumu. Daktari ndiye anayechagua.

Tunatoa tahadhari tatu. Kwanza, sumatriptani na ergotamini hubana mishipa ya damu. Hazimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au ambaye jicho lake moja huingia giza. Pili, ergotamini isitumiwe kamwe pamoja na dawa za ARV zenye ritonaviri, ambazo baadhi ya wagonjwa hupewa katika mstari wa pili wa matibabu. Zikikutana, mishipa inaweza kubana kiasi cha mkono au mguu kukosa damu. Anayetumia ARV amwambie muuza dawa kabla ya kununua chochote cha kichwa. Tatu, anayemeza vidonge vya maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu, hupata maumivu mapya yanayoletwa na dawa zenyewe. Hapo dawa imegeuka kuwa ugonjwa, na tiba yake ni kuziacha kwa msaada wa mhudumu wa afya.

Kuchanja paji la uso hakutibu kipandauso, na wembe unaoshirikiwa huambukiza magonjwa. Kuweka maji ya majani, maziwa au kitu kingine chochote jichoni kunaweza kuleta kidonda na kovu kwenye kioo cha jicho. Mtu aliyekuwa na shida ya nusu saa anaweza kubaki na upofu wa maisha.

MIFUNGO, MIKESHA NA JUA LA SHAMBANI

Mashambulio mengi huchochewa na mambo ya kawaida: kukosa usingizi, kukaa na njaa, kutokunywa maji ya kutosha, mwanga mkali, harufu kali, mawazo mengi, na kwa wanawake siku za hedhi. Mkulima wa mpunga katika bonde la Usangu, anayeinama siku nzima juu ya maji yanayorudisha jua machoni, aifahamu hatari hiyo. Kofia pana na chupa ya maji ni sehemu ya tiba.

Tuseme pia juu ya ibada zetu. Mfungo wa siku nzima ukifuatwa na mkesha wa usiku kucha huunganisha njaa, kiu na kukosa usingizi kwa pamoja. Mwenye kipandauso anaweza kuanguka katikati ya maombi akiwa haoni vizuri na akitapika, na watu wakadhani mengine. Viongozi wa kiroho wanaweza kumruhusu mgonjwa afunge kwa namna nyingine, anywe maji, na alale mapema. Kumwonea huruma mgonjwa si kupunguza imani.

KAMATI ZINAWEZA KUFANYA NINI?

Tunapendekeza mambo manne yasiyo na gharama kubwa.

Kwanza, ukurasa wa dalili za hatari usomwe katika jumuiya ndogondogo na katika vikundi vya akina mama, na ubandikwe kwenye mbao za matangazo.

Pili, walimu waelezwe. Mwanafunzi anayelala juu ya dawati akifunika macho si lazima awe mvivu. Aruhusiwe kupumzika saa moja mahali penye giza, na mzazi aitwe.

Tatu, kila kamati ijue njia ya rufaa: zahanati iliyo karibu, kisha kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kwa wenye tatizo la jicho moja, hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Hospitali za makanisa kama Tosamaganga, Ilula, Ilembula na Igogwe zimekuwa mlango wa kwanza kwa wengi wa watu wetu. Mwanakamati aulize mapema ni siku zipi mtaalamu wa macho yupo, ili mgonjwa asipoteze nauli.

Nne, mfuko mdogo wa nauli utengwe kwa wagonjwa wa dharura. Jicho lililoingia giza halingojei siku ya mavuno.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Kliniki za mtoto wa jicho mnazochangia zinaonekana kwa macho: mtu aliingia akishikwa mkono, akatoka akitembea mwenyewe. Kazi ya kipandauso haina picha ya namna hiyo. Inahitaji mashine ya kupima presha inayofanya kazi, kifaa cha mkononi cha kuchungulia nyuma ya jicho, chati ya kupimia macho, na siku chache za mafunzo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Vitu hivyo hivyo vitasaidia pia kugundua kisukari kinachoharibu retina, presha ya macho na kifafa cha mimba. Shilingi moja itafanya kazi ya nne.

Ndugu wanakamati, mtu akija kwenu akisema macho yake yaliingia giza, msianze kwa kumtafutia mchawi wala kwa kumwambia "utapona tu". Mwulizeni maswali matatu: Ni jicho moja au yote mawili? Lilichukua muda gani? Una mimba, presha, kisukari, au unatumia ARV? Kisha mpimeni uzito wa majibu yake kwa dalili tulizozitaja, na mpelekeni anapostahili kwenda.